Kadi Nyekundu ya Shangazi

Jumamosi, 2 Agosti

Nimefedheheshwa! Mbele ya uwanja mzima! Na damu yangu mwenyewe!

Mechi yangu ya kwanza kama refa wa kujitolea. Watoto wa chini ya miaka kumi, Mtaa wa Juu dhidi ya Mtaa wa Chini. Nilianza vizuri. Nikapuliza filimbi, watoto wakakimbia, mpira nao ukakimbia. Mara sauti ikaniita kutoka pembeni, sauti ninayoijua tangu nikibebwa mgongoni: "Baba, vuta bukta! Inateremka!"

Shangazi. Dada mkubwa wa baba, fundi cherehani. Bukta yenyewe kaishona yeye. Lastiki ni yake, ulegevu ni wake, na kutangaza katangaza yeye.

Uwanja ukaangua kicheko. Kipa wa Mtaa wa Juu alicheka mpaka akakaa chini, akafungwa akiwa amekaa. Nikalikubali bao. Wazazi wake wakaniita majina ambayo sitayaandika hata humu. Na kinyozi wa kona, refa mwingine wa hapa uwanjani, alicheka kashikilia mlingoti wa goli asianguke. Yeye huchezesha huku akipiga soga na watazamaji. Wakimfokea mbona hapulizi, anawajibu kwamba alikuwa anawasubiri wao. Wanampenda. Simpendi.

Mwenyekiti wa uwanja, yule mwenye duka la saruji na misumari, amesema baada ya nusu fainali ya Jumatano ataamua nani achezeshe fainali, mimi au kinyozi. Ni mimi. Lazima iwe mimi.

Jumapili, 3 Agosti

Bado nina hasira. Nimekula nayo, nimeoga nayo.

Acha niseme ukweli, maana humu hakuna anayesoma. Sikujitolea kwa kuwapenda watoto. Nilijitolea kwa sababu refa hasemi. Ana filimbi, ana mikono, ana kadi. Darasani mimi nikiitwa jina nanyoosha kidole tu. Nimesomeshwa kwa lugha mbili na ninanyamaza vizuri katika zote mbili. Baba huwaambia wageni kwamba nina adabu. Sina adabu, nina woga. Lakini nikipuliza filimbi, watoto wote wanasimama, wananitazama, wanasubiri nitake nini. Na sihitaji kufungua mdomo! Wapi pengine nitapata kazi kama hiyo?

Halafu mtu anakuja kuniharibia kwa lastiki.

Mama ananikumbusha kwamba shangazi aliweka kando nguo za wateja wake ili anishonee jezi na bukta, na kwamba ndoo ya maji ya watoto ni yeye huibeba kila mechi. Nikamjibu mama kwamba sikumwomba. Nikamjibu kimoyomoyo.

Kitabu cha sheria nimekisoma chote, kwa Kiingereza. Hakina neno lolote kuhusu mashangazi. Pengo hilo nitaliziba mimi. Kuanzia Jumatano, watazamaji wote kimya!

Jumatano, 6 Agosti

Ushindi! Ingawa siupendi sana.

Kutangaza sheria mpya mdomoni nisingeweza, kwa hiyo niliandika KIMYA kwenye kipande cha boksi, herufi kubwa, nikazunguka nacho uwanja mzima kabla ya mechi. Watu wakadhani ni timu mpya. Wakaanza kushangilia. "Kimya oyee! Kimya juu!" Mama mmoja akaniuliza Kimya wanacheza saa ngapi, maana mwanawe amekosa namba Mtaa wa Juu.

Hapo nilikuwa nimeshachemka. Mechi ikaanza, na haikupita muda, shangazi akasimama kwenye kiti chake cha plastiki akapaza sauti kwamba hiyo faulo hata yeye kaiona na miwani ameiacha nyumbani. Nikasimamisha mchezo. Nikamwendea. Nikatia mkono mfukoni.

Mfuko wa jezi hiyo (kaushona nani?) una kina cha kisima. Nikatafuta. Nikachokora. Mkono ukaingia mpaka kwenye kiwiko. Watu wakaanza kunihesabia kwa sauti, moja, mbili, tatu! Mwishowe nikaitoa. Nyekundu!

Hakuna aliyecheka tena. Shangazi aliitazama kadi, akanitazama mimi. Akakitia kiti kichwani, akachukua ndoo yake, akatoka getini. Mgongo wake niliuona mpaka ukaisha.

Basi wakanyamaza kweli. Mpira ukitumbukia mtaroni, hakuna anayeuopoa. Nimeufuata mwenyewe mara zote. Mtoto kachubuka goti, hakuna maji. Mwisho wa mechi hakuna aliyepiga makofi, hata walioshinda waliondoka kama wametoka hospitali.

Mwenyekiti akaniambia fainali ni yangu. Nikaruka, kwa ndani. Akaongeza kwamba kinyozi amekataa, amesema yeye hawezi kuchezesha uwanja usio na shangazi, ni sawa na kumnyoa mwenye kipara. Akaongeza tena kwamba ikivurugika Jumamosi, filimbi nairudisha dukani kwake na nisiiulizie.

Haitavurugika! Watajua mimi ni nani!

Alhamisi, 7 Agosti

Mama kanilazimisha nikaombe radhi. Nikaenda. Nilifanya mazoezi ya maneno njia nzima.

Shangazi alikuwa kwenye cherehani, anashona pazia. Hakugeuka. Akaniuliza kama nimekuja kumwonyesha kadi nyingine.

Nikajibu, "Ndiyo."

Sijui kwa nini! Ndilo neno lililokuwa karibu na mlango! Nilitaka kusema hapana, nikataka kusema shikamoo, nikataka kusema nisamehe, yote yakasongamana kooni na hilo pumbavu likatangulia.

Shangazi akaokota kipande cha kitambaa chekundu sakafuni, akakiinua juu, akanionyesha mlango.

Nimetolewa. Na fundi cherehani. Nyumbani kwake, ambako nimekula maisha yangu yote. Naandika haya kalamu inatoboa karatasi.

Jumamosi, 9 Agosti

Fainali.

Kwa kawaida wazazi huchora mistari ya uwanja. Leo wote walikuwa na shughuli. Nikachora mwenyewe, chokaa ndooni, na nilipoinama filimbi ikachomoka shingoni ikazama ndani. Nikaitoa, nikaifuta, nikaona iko sawa.

Haikuwa sawa. Kipindi cha kwanza ilikohoa tu. Cha pili chokaa ikashika. Mtoto wa Mtaa wa Chini akamvuta jezi mwenzake ndani ya boksi la penalti, nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Fyuuu. Kama tairi la baiskeli. Hakuna aliyesimama. Aliyevutwa akavuta, wa tatu akawaangukia, wazazi wakaanza kuingia kila mmoja akidai mwanawe kaonewa. Nikapuliza tena. Fyuuu! Nikafungua mdomo nipige kelele. Hakikutoka kitu. Mwenyekiti naye anakuja, mkono umeshanyooshwa kuichukua filimbi yangu.

Ndipo ukapigwa mluzi.

Mluzi wa vidole viwili, mkali, unaopasua masikio. Uwanja mzima ukaganda. Hata mbwa alikaa. Juu ya ukuta, upande wa nje, kichwa cha shangazi, kasimama juu ya kiti chake. Akapaza sauti kwamba hakuna wa kumlaumu, yeye yuko nje, ametii kadi.

Wote wakanigeukia. Nikanyoosha mkono kwenye alama ya penalti. Mluzi! Wazazi wakatoka. Mtoto akapiga, akafunga.

Tukamaliza hivyo hivyo. Mimi mkono, yeye mluzi. Hakusema neno moja, hata bukta ilipofika pabaya. Nilipoonyesha katikati kwamba mpira umekwisha, alipiga miluzi mitatu mirefu, na watu wakashangilia wakiutazama ukuta. Mwenyekiti akaniambia filimbi nikae nayo, nikaichokonoe.

Jioni shangazi alipita nyumbani, akasema, "Baba, mkono wako unanyooka vizuri." Akaichukua jezi na bukta, akaondoka. Asante ilinikwama. Katika lugha zote mbili.

Jumapili, 10 Agosti

Leo nimetulia, nimewaza kama mtu mzima. Jana imethibitisha jambo moja, kwamba nina mamlaka. Kinyozi hupuliza mwenyewe mpaka mashavu yamlegee. Mimi nikinyoosha mkono, kuta zinapiga mluzi.

Ila kuna jambo linanikera, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo ninavyochemka. Kule kuotea kwa mwishoni, shangazi alipiga mluzi kabla mkono wangu haujapanda. Kabla! Refa ni nani pale?

Jumamosi ijayo anaruhusiwa kurudi ndani. Akirudia, njano!

Jezi ameirudisha asubuhi, imefuliwa na kupigwa pasi. Lastiki ya bukta kaikaza. Na mfuko, bila kuombwa na mtu, kaufupisha.

Nimejaribu mbele ya kioo. Kadi inatoka mara moja.