Mratibu wa Benki Mbili

Gentil Mushagalusa hakuwa na kazi, lakini alikuwa na tai. Kila paliposikika semina Bukavu, aliifunga shingoni, akaingia hotelini na uso wa mtu aliyecheleweshwa na kikao kingine, akachagua kiti kilicho karibu na chakula. Kwa njia hiyo alikuwa amehudhuria semina za maji safi, za sokwe na za haki za wajane, na kote alisifiwa kwa maswali yake mazuri.

Semina iliyomgeuzia maisha ilihusu mikopo ya vijijini. Mapadri na maprofesa walilalamika asubuhi nzima kwamba benki zinaishia mjini, na kwamba mkulima wa bonde la Ruzizi hajui hata mlango wa benki unavyofunguliwa. Wakati wa chakula Gentil alisimama nyuma ya Madame Bibiane, meneja wa benki moja ya mjini, akamsikia akinong'ona kwamba yeye angeenda Luberizi, kule bondeni, hata kesho, ila hawezi kuwa wa kwanza. Akienda peke yake akapata hasara, wakubwa wa Kinshasa watamfukuza. Muda mfupi baadaye, kwenye foleni ya samaki, Papa Télesphore, meneja wa benki iliyotazamana na ile ya Bibiane ng'ambo ya barabara, alisema maneno yaleyale.

Gentil aliweka sahani chini. Benki mbili zilitaka kwenda mahali pamoja, na kila moja ilikuwa ikisubiri nyenzake itangulie. Kilichokosekana ni mtu wa kuiambia kila moja kwamba nyenzake imeshatangulia.

Jumatatu alikuwa na muhuri uliochongwa sokoni Kadutu na kadi zilizomtambulisha kuwa Mratibu wa Mikopo Vijijini. Alimwendea Bibiane kwanza. Hakuomba kitu. Alisema amepita tu kumsalimu kwa heshima, maana Papa Télesphore amekwisha kusaini, na hajui kama benki ya pili bado itapata nafasi. Kisha akavuka barabara, akampa Télesphore salamu hizohizo, majina tu ndiyo aliyoyageuza.

Kabla juma halijaisha wote wawili walikuwa wamesaini na kutoa mchango wa "uchunguzi wa wakulima". Hakuna aliyempigia mwenzake simu kuuliza. Watu hawa walikuwa wakisali kanisa moja kwa miaka mingi na kusalimiana kwa kidevu.

Fedha hizo Gentil alizitia katika mfuko mweusi usiobanduka ubavuni mwake. Alikusudia kwenda nazo Kamituga, anunue dhahabu, aitwe mfanyabiashara. Angekwenda siku ileile, hadithi hii isingekuwepo. Lakini mameneja waliahidi mchango wa pili wakishawaona wakulima kwa macho yao, na walitaka kwenda siku moja, kwa kuwa kila mmoja aliogopa kumwacha mwenzake peke yake na wateja. Tamaa ikamshauri Gentil asubiri kidogo. Akateremka makona ya barabara ya Ngomo kwenda Luberizi kutafuta wakulima wa kuazima.

Huko alielekezwa kwa Maman Adolphine, kiongozi wa wanawake wanaolima mpunga. Kila msimu, mpunga ukiwa bado mbichi, wachuuzi walikuja kuununua shambani kwa bei waliyoitaka wao, na wanawake waliuza kwa sababu palizi na shule za watoto hazingoji mavuno. Mwaka uliotangulia Adolphine alikuwa ameutazama mpunga wake mwenyewe ukipakiwa kwenye lori, kisha akaenda sokoni kununua mchele wa kuwalisha wanawe.

Gentil alimweleza kwamba kutakuja wageni, kwamba waimbiwe vizuri na wajibiwe ndiyo kwa kila swali, na kila mama atapata kitenge. Adolphine alisikiliza kwa makini. Gentil hakuzoea kusikilizwa hivyo, na maneno yakamtoka kuliko alivyokusudia. Alipoulizwa ni benki gani iliyosaini kwanza, alicheka, akaupigapiga mfuko wake, akasema uzuri wa jambo ni kwamba kila mmoja anajiona wa pili. Adolphine alicheka pia. Aliomba tu vitenge vitangulie.

Siku ya ziara magari mawili yaliingia kijijini yakifukuzana katika vumbi. Wanawake waliimba mbele ya ghala. Kisha Télesphore alisimama, akamshukuru mwenzake Bibiane kwa ushujaa wa kutangulia.

Bibiane alikunja uso. "Sisi? Sisi tuliwafuata ninyi."

Wote wawili walimgeukia Gentil. Gentil aliukumbatia mfuko wake.

Maman Adolphine ndiye aliyesimama.

"Musisumbuke," alisema. "Wa kwanza njo siye bamama ba Luberizi. Na ile feza mulimupatia Papa Kordinateri njo garanti yetu. Mupunga ukiharibika, benki hazipoteze kitu. Ameileta yote leo, iko mu ule mufuko."

Gentil alipima hali yake. Mbele yake walikaa mameneja wawili ambao kwa simu moja wangempeleka gerezani. Nyuma yake walisimama wanawake waliovaa vitenge alivyovinunua mwenyewe, na hawakuonyesha dalili ya kumpisha. Aliuweka mfuko mezani.

"Nilitaka kuwashangaza," alisema.

Mameneja hawakuwa wajinga. Walielewa kila kitu palepale. Lakini kila mmoja alikuwa ameshaiandikia Kinshasa kwamba mshindani ametangulia bondeni, na kurudi kusema kwamba amedanganywa na mtu wa kadi na muhuri kulikuwa kugumu kuliko kuwakopesha wanawake wa mpunga. Bibiane alikohoa, akasema benki yake itachukua mashamba ya karibu na mfereji. Télesphore akasema hayo aliyafikiria yeye kwanza. Walibishana kwa raha mpaka chakula kikapoa, wakagawana, wakasaini. Adolphine alisisitiza kwamba jina la mratibu liandikwe kamili, na kadi ya uchaguzi ya mratibu, ambayo ndiyo kitambulisho chake, ibaki kwake yeye Adolphine mpaka mavuno.

Hivyo Gentil akapanga chumba Luberizi. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na sababu ya kulitazama wingu. Ndege walipovamia mpunga, alikimbia tutani akipiga debe na kutukana, na watoto walijifunza matusi ya Bukavu. Wachuuzi walipokuja na kukuta mpunga mbichi hauuzwi, mmoja alimvuta pembeni akamwahidi kitu kizuri kama atawashawishi akina mama. Gentil alikataa. Haukuwa wema, alihofia garanti, yaani fedha za mfuko wake. Lakini jioni, wanawake walipomletea samaki wa kukaanga kwa sababu ya jibu lile, aliona haya kuwaeleza.

Mavuno yalikuwa mazuri. Wanawake walilipa benki, na maghala ya Luberizi yakabaki na mpunga wa wenyewe. Gentil alifunga tai, akaenda kwa Adolphine kudai mfuko wake.

Adolphine alimrudishia kadi ya uchaguzi na kumpa gunia la mchele. Kuhusu mfuko, alimweleza kwamba Bibiane na Télesphore, ambao siku hizi wanapigiana simu kila asubuhi, wamekubaliana garanti ihamie Sange, kwa kikundi kingine, pamoja na mratibu wake. Safari hii kutakuwa na mshahara. Si mkubwa.

Gentil alikaa juu ya gunia. Aliuliza kama hao watu wa Sange wanamfahamu.

"Banakufahamu yote," Adolphine alisema. "Nilibaelezea mimi mwenyewe, juu usipoteze wakati wa kubadanganya."

Pikipiki ya kwenda Sange ilikuwa ikingoja barabarani. Gentil alilifunga gunia nyuma, akakaza tai, akamwambia dereva aende polepole.