Nyota, Treni ya Baba na Mshonaji Mmoja

Jumatatu, 6 Mei
Baba anastaafu. Ijumaa usiku ataendesha treni yake ya mwisho ya mizigo, baada ya miaka thelathini na mmoja bila kuchelewa hata dakika. Jumapili tunamuaga nyumbani. Zawadi ninayo kichwani! Nitaipiga picha treni yake chini ya nyota. Unaacha jicho la kamera wazi dakika nyingi. Nyota zinachora mistari, taa za treni zinakuwa utepe wa mwanga. Shemeji, mume wa dada, mwenye studio ya picha za pasipoti, alicheka mpaka akashika meza. Akaniambia kazi hiyo ina wenyewe, nibaki na cherehani yangu. Tutaonana! Dada amenipa kamera ya akiba ya Shemeji. Mwenyewe hana habari.

Jumanne, 7 Mei
Kamera haitakiwi kutikisika. Stendi sina. Nina sanamu la kupimia nguo, lile lisilo na kichwa. Nikaifunga kamera shingoni, ikatulia tuli. Nikalibeba hadi kando ya reli na gauni la bibi harusi juu yake, maana muda wa kulivua sikuwa nao. Mlinzi wa ghala la jirani akaliona. Jeupe, limesimama gizani, halina kichwa! Alitimua mbio akaacha kiatu. Nilimwita kwa heshima zote, akazidisha mwendo. Treni ikapita. Picha ni nyeusi tii. Kifuniko cha lenzi sikukitoa.

Alhamisi, 9 Mei
Kifuniko nimekitoa. Lakini nilimulika saa kwa tochi kila dakika, na mwanga wake umeingia kwenye picha. Nyeupe pe! Nimesoma kwamba wapiga picha wa nyota hutumia mwanga mwekundu. Nimeifunga tochi kwa kitambaa chekundu cha bitana kilichobaki nilipomshonea mteja koti. Akili ninazo, bwana!
Mama aliuliza matope ya viatuni yametoka wapi. Nikasema mteja anaishi mbali. Hakuamini. Akasema Baba halali siku hizi, anakaa kitandani na kofia ya kazi mapajani. Juzi Baba alimuuliza kama mtu akistaafu bado anaitwa dereva. Lazima picha hii ipatikane.

Jumamosi, 11 Mei
Jana anga lilikuwa safi. Nikafungua jicho la kamera mapema. Treni ikatokea. Kwa furaha nikainua tochi nitazame saa, nikajikuta naipunga hewani. Breki! Treni nzima ikasimama mbele yangu, inahema.
Hapo ndipo nikakumbuka jambo ambalo mtoto wa dereva hulijua kabla ya kutembea: taa nyekundu kando ya reli maana yake simama.
Nikajificha nyuma ya gauni. Baba akashuka ngazi mbio, akauliza njiani kuna nini. Nikajibu hakuna kitu, Baba, ni picha. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamweleza yote huku nalia. Akapanda, akaongea na stesheni kwenye redio, akarudi kusimama ngazini. Akasema keshachelewa dakika nne na kumbe mtu hafi. Akauliza asimame vipi. Nikafungua jicho la kamera upya, nikamwambia asitikisike. Akainua uso kuzitazama nyota. Akasema miaka yote hiyo alitazama reli tu. Nampenda baba yangu kupita kiasi.

Jumapili, 12 Mei
Wa kuichapisha picha ni Shemeji tu, ikabidi nikiri. Alifoka kuhusu kamera yake. Kisha akaiona picha, akaisogeza kwenye mwanga. Utepe wa mwanga hakuna. Kuna mistari ya nyota, treni imesimama, na ngazini Baba, uso wazi kabisa, kwa sababu alitulia. Shemeji akaitia fremu yake bora.
Baba alisimama kutoa hotuba. Aliikumbatia picha akalia, sote tukalia. Baadaye akanivuta pembeni. Akaniambia kwamba kwenye ripoti ya safari, penye sababu ya kusimama, ameandika: binti yangu. Akanisihi nisikaribie tena mahali pa hatari na kamera. Nikaapa.
Reli basi. Sasa ni ndege! Uzio wa uwanja wa ndege una tundu, na ndege ya saa tatu usiku hushuka chini kabisa. Nilimnong'oneza Baba wakati wa kuaga. Akatazama kama Mama anasikia. Kisha akauliza tunatoka saa ngapi.