Masaa Matatu Mpaka Bangkok

Leo nimeaibika, na walioona ni soko zima la Kadutu. Naandika polepole, kama kawaida yangu, nisije nikaruka hata aibu moja.

Mimi ni mtu wa Luberizi, kwenye mashamba ya mpunga. Hapa Bukavu bado ni mgeni. Nauza sapatu sokoni, zile ndala za plastiki, na mbele yangu anakaa Furaha, muuzaji wa fulari, vitambaa vya kichwani. Simsemeshi. Namwangalia tu. (Siyo sana. Asubuhi mpaka jioni.) Upepo wa ziwa ukipanda mlimani, fulari zake zote zinainuka, na mimi nasahau bei ya sapatu.

Juzi aliniambia kwamba anahama. Atapita kwanza Guangzhou kubeba mzigo, halafu ataenda kukaa Bangkok. Nikajikaza, nikamuuliza kama ni mbali.

"Hapana, ni karibu tu," akasema. "Utakuja kunisalimia."

Jioni nikaazima simu ya tonton, mjomba ninayekaa kwake, nikatafuta. Kutoka Guangzhou mpaka Bangkok ni kilometa karibu elfu moja na mia saba. Ndege inatumia masaa karibu matatu. Na yeye anasema ni karibu! Kwenda Shabunda, humu humu mkoani kwetu, mvua ikinyesha, lori linalala njiani mpaka dereva anazoeana na wanakijiji. Usiku nikamwona Furaha dirishani mwa ndege, mawingu yametandazwa chini yake, meupe kama mihogo iliyoanikwa. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea bega la mtu. Bega lilikuwa langu. (Pasipoti sina, lakini ndotoni hakuna aliyeiuliza.)

Asubuhi ya leo nikamkuta anafunga mzigo. Nikaona nisiposema sasa, sitasema tena. Nikamwekea mikononi kifuko cha mchele wa kwetu, maana nilifikiri huko Asia anaweza kukosa mchele. (Ndiyo. Nilifikiri hivyo. Endeleeni kusoma.)

"Furaha," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga, "ni masaa matatu. Ukisikia baridi mule ndani, ujifunike. Ukifika, usinisahau."

"Mule ndani ya nini?"

"Ya ndege. Ya kutoka Guangzhou mpaka Bangkok."

Soko likageuka kututazama. Hata mwenye mashine ya kusaga sombe, majani ya mihogo, aliizima ili asikie vizuri. Maman Neema, anayeuza nyanya kando yetu, akaweka mkono begani mwangu kwa huruma.

"Mutoto yangu," akasema, "Guangzhou ni ile depo ya vitu vya Wachina, pale nyuma. Bangkok iko pale, kwenye parasoli nyekundu, ule mwavuli mukubwa. Utavuka mufereji tu."

Kumbe ni majina ya pembe za soko. Kila mtu anayajua, isipokuwa mtu wa Luberizi.

Wakacheka mpaka nyanya zikabingirika. Furaha hakucheka. Alitazama kile kifuko kwa muda, akakifunga vizuri ndani ya fulari ya buluu. Halafu akanyanyua mzigo wake na kunitwika kichwani.

"Njoo basi," akasema. "Ndege inaondoka."

Tukapita deponi, tukaruka mfereji, tukafika. Safari ilikuwa fupi mno. Ningependa ichukue yale masaa matatu.

Sasa niko nyuma ya sapatu zangu, naona parasoli nyekundu kutoka hapa. Mkitaka kucheka, mcheke polepole. Bangkok ni karibu, atasikia.