Virungu vya Mkono Mmoja

Asali, kama miji aliyopita ilivyombatiza kwa utamu wa ulimi wake, hakuwahi kufanya kazi ya jasho, na alijisifia hilo kama wengine wanavyojisifia watoto wao. Siku hiyo alikuwa kwenye benchi la kituo cha kuoshea magari, akingoja riziki impitie karibu, alipomwona dereva asiye na mkono wa kushoto akirudisha lori nyuma. Kwenye usukani palikuwa pamefungwa kirungu, kishikio cha duara, kilichozunguka kiganjani mwake bila shida. Lori likaingia penye nafasi finyu bila kugusa ukuta.

"Kumbe mmoja unatosha!" alisema muuza viatu aliyesimama mbele yake akisubiri gari lake, bila kugeuka. "Basi wa pili ushike simu."

Maneno hayo yalimwingia Asali hadi kwenye mifupa. Yule dereva alikihitaji kirungu kwa sababu ya shida. Hawa wenye mikono miwili wangekitaka kwa sababu ya uvivu, na uvivu, Mungu aubariki, haujawahi kukosa wateja.

Akaenda kwa seremala, akarudi na mfuko wa vishikio vya makabati na kopo la gundi. Akauficha mkono wake wa kushoto ndani ya koti, akafunga vifungo hadi shingoni, akaegesha kigari chake nje ya soko. Kigari hicho ndicho kilichokuwa nyumba yake: nyuma godoro, kiti cha abiria sufuria, na chini ya kiti mapato yake yote ya duniani. Kwenye usukani wake mwenyewe alifunga kirungu cha kweli, kwa boliti. Tapeli naye anaipenda roho yake.

"Ndugu zangu, mkono ulienda, lakini safari haikusimama!"

Watu wakajaa. Muuza viatu alichukua virungu viwili, kimoja cha shemeji yake. "Kikibanduka je?"

"Kikibanduka, bwana mkubwa, ujue umekata kona kwa hasira. Gari linataka upole."

Alikuwa amebakiza vichache alipofika dada mmoja, mkono umefungwa bandeji na kuning'inizwa shingoni.

"Pole na mkono, kaka."

"Nimeshapoa, dada. Na wako?"

"Nilianguka kwenye ngazi. Daktari anasema hautarudi kama zamani. Mume wangu anataka tuuze gari." Machozi yakamlengalenga. "Nitanunua kwa bei yoyote utakayotaja. Ila niruhusu nijaribu kwanza, nizunguke soko mara moja tu."

Asali akasita.

"Mpe ajaribu, bwana!" alifoka muuza viatu. "Mgonjwa mwenzio huyo!"

Umati ukaitikia. Kukataa kungeua biashara. Asali akatoa ufunguo, akataka kupanda naye, lakini sufuria zilikuwa zimeshakikalia kiti cha abiria.

Kigari kikaondoka taratibu, kwa adabu. Kilipofika kwenye kona, bandeji ikarushwa nje, na dirishani ukachomoza mkono mzima, wenye bangili, ukampungia.

Godoro, sufuria, akiba, vyote vilikuwa vinakata kona. Akamkimbilia mwendesha pikipiki aliyeegesha hapo karibu. "Mfuate yule! Haraka!"

Mwendesha pikipiki akalitazama koti lake. "Samahani, mzee wangu. Barabara yote mashimo. Mimi abiria wa mkono mmoja simbebi, utashikilia nini? Ukianguka nitasema nini kwa mkeo?"

Asali akatazama kona. Akawatazama wateja wake, kila mmoja na kishikio chake mkononi. Akatazama kona tena; vumbi lilikuwa linatulia.

Akafungua vifungo. Mkono wa kushoto ukatoka, mnene, mzima, unaong'aa kwa jasho.

"Muujiza!" alisema Asali, kwa sauti iliyokwisha kukata tamaa.

Wa kwanza kuushika mkono huo alikuwa muuza viatu, na hakuuachia.