Mayowe ya Kisanduku

Barua pepe ilipofika Mwanza, wenye mali walifurahi. Victor Mayala alifurahi kuwazidi, kwa kuwa alijua kwamba mlango mpya huleta hofu mpya, na hofu ni bidhaa isiyooza kama samaki.

Aliuza shamba la Buhongwa, akanunua Nairobi kisanduku cha chuma chenye taa za kijani. Kisanduku kilikuwa halali kabisa. Kilikaa kati ya kompyuta na waya wa simu, kikazuia wasioalikwa, na kila hatari kikaiandika katika faili lake la kumbukumbu. Cha uongo kilikuwa mdomo wa Victor peke yake.

Mdomo huo ulimfikisha Nyakato kwa Mzee Kashindye, aliyeuza ng'ambo mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara, na kuficha bei zake ndani ya kompyuta. Uani ilisimama pikipiki nyekundu ya Honda. Walikubaliana kwamba kisanduku kikionyesha kazi, Honda ni ya Victor. Juu ya meza ya mzee vilitundikwa upinde na filimbi. Victor alidhani ni mapambo. Alikifunga kisanduku, akarudi baada ya siku chache.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, injinia. Kimekamata nani?"

"Kimya ni dalili ya ulinzi, mzee."

"Mbwa asiyebweka nimlishe ya nini? Honda itaendelea kula kivuli."

Victor aliinamia kibodi. Kisanduku kilikuwa kimeagizwa kuandika hatari tu. Yeye akakiagiza kiandike kila kitu. Printa ikiiamkia kompyuta, kiandike. Kompyuta ikiuliza saa, kiandike. Juu ya yote akaweka kichwa cha habari: MAJARIBIO YA WIZI.

Kesho yake printa ilitapika karatasi hadi mchana.

"Hawa wote ni wezi?" aliuliza mzee.

"Wote, mzee. Mwanza sasa ni jiji."

"Utasema hivyo mbele ya watu?"

"Hata uwanjani, kwa kipaza sauti!"

Mtu mwenye busara angeuliza ni watu gani. Victor alikuwa akiitazama Honda.

Mzee alitungua filimbi, akaipuliza dirishani. Muda si muda ua ulijaa wanaume wenye pinde na marungu, nao wakamsalimu mzee kama mtemi wao. Ndio sungusungu, walinzi wa jadi wa Nyakato.

"Injinia amepiga yowe la wezi," alisema mzee. "Atutajie mmoja tumfuate."

Victor alipekua karatasi. Mwizi wa kwanza alikuwa printa. Wa pili alikuwa saa ya kompyuta.

"Wako mbali, wazee wangu. Ng'ambo huko."

"Yowe bila mwizi?" alisema mwenye rungu kubwa. "Wewe si mtoto wa Buhongwa? Sheria huijui?"

Aliijua. Apigaye yowe la uongo hulipa dume la ng'ombe.

"Kwa kila yowe," aliongeza mwingine, akilitazama lundo la karatasi kwa upendo.

"Zizi langu halitoshi," alisema mzee kwa huruma. "Badala ya madume nitachukua kisanduku. Ila kwanza, kijana, kifundishe adabu. Mtu akiingia kutoka nje, kiandike jina lake na namba ya simu anayopigia, na kuvichapa palepale. Mengine yote kinyamaze."

Victor alifanya kazi hiyo vizuri, mbele ya marungu. Ilikuwa kazi yake pekee ya haki mwaka ule. Hata hivyo, mjanja hafungi mlango bila kubaki na ufunguo: aliacha jina lake mwenyewe katika orodha ya wanaoruhusiwa.

Wiki iliyofuata aliketi katika ofisi ya mpinzani wa mzee, mitaa miwili kutoka pale. Mpinzani alikuwa na Honda mpya zaidi, na alitamani sana kuzijua bei za mabondo. Victor alipiga simu kwa modemu, akaandika jina lake, akaingia bila kizuizi. Bei zote zilikuwepo. Akaagiza soda, akaanza kunakili.

Kwa mzee, printa ilitoa karatasi moja yenye mstari mmoja, jina na namba ya simu. Mzee aliusoma bila miwani.

Soda ilikuwa nusu Victor aliposikia filimbi barabarani, kisha vishindo vya miguu mingi. Akaweka kalamu chini, akatoka mlangoni kutazama ni nani aliyeibiwa.