Wanyakyusa Kuisha Iyunga Ifikapo 2050

Kwa Baba Mkubwa Gwakisa,
Mwenyekiti wa Ukoo,
Iyunga, Mbeya.

Shikamoo baba mkubwa. Ugonile.

Ni mimi Yotamu, mtoto wa mdogo wako, yule wa kidato cha pili nilichokirudia mpaka walimu wakahama. Jumapili kwenye kikao ulisimama ukatangaza kwamba ifikapo 2050 hapa Iyunga Wanyakyusa tutakuwa wa kutafutwa kwa tochi, kisa vijana tunaoa nje. Sensa ya serikali haiulizi kabila, lakini wewe umejua. Hongera. Ukamalizia kwa kunikataza kumwoa Yusta wa Kihesa, kwa kuwa ni Mhehe. Nimekubali. Ninacholalamikia ni kwamba umeishia njiani:

1. Bibi aliyekuzaa ni Msafwa. Kwa hiyo nusu yako si ya kwetu, naomba irudishwe kwa wajomba zako. Ianze ya chini, maana ya juu ndiyo inayotuongozea vikao.

2. Binti yako, dada Joyness, ameolewa na Msukuma wa machimboni Makongolosi. Siku ile ulicheza mpaka kiatu kikakutoka. Ng'ombe wa mahari ukawapokea bila kuwauliza kabila, na sasa dume lao linapanda majike yetu mchana kweupe. Zizi lako, mzee, 2030 halifiki.

3. Ulanzi unaoushusha kila masika unatoka Iringa, kwa haohao Wahehe wa kina Yusta. Au ukifika tumboni unageuka Mnyakyusa?

4. Iyunga yenyewe tuliwakuta Wasafwa. Sisi tulitoka Tukuyu na mikungu ya ndizi kichwani, wakatupokea. Maskini, hawakuwa na msomi kama wewe wa kuwapigia hesabu. Basi ukoo mzima tufungashe turudi. Wewe utangulie na godoro. Mimi nitabaki kidogo kukagua kama kuna aliyejificha.

5. Wasichana wa Kinyakyusa ninaowajua hapa ni wa ukoo, dada zangu; wa nje umewakataa. Sawa. Nitakaa hivihivi, na uzuri wangu wote huu, mpaka 2050, Mnyakyusa safi wa mwisho. Mje mpige picha.

Nimeandika kwa heshima yote iliyobaki. Nisalimie mama mkubwa Eveline, kaka Sedekia na watoto, majirani wa makabila yote, na lile dume.

Mtiifu wako kupita wote,
Yotamu

NYONGEZA: Baba mkubwa, futa yote hapo juu. Simu imeingia sasa hivi kutoka Kihesa: Yusta amejifungua salama, mtoto wa kiume, na pua ni yako kabisa. Baba yake Yusta, mzee Liberatus, anasema posa hakuna, mahari hakuna, basi kwa mila mtoto ni wa kwao, na wameshampa jina la babu yao. Mwanangu anakuwa Mhehe hivihivi naona! Twende kesho asubuhi tukapose, nakuomba kwa magoti. Ila ukifika pale, ya 2050 usiyaguse. Mzee naye amepiga hesabu zake, na kwake wanaowamaliza Wahehe ni sisi.