Vifaranga vya Safiyya na Mwizi wa Kamba

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Vifaranga viwili! Njiwa mweupe wa mke wangu Safiyya ametotoa katika kisanduku nilichokitundika ukutani kwa mkono wangu. Aliachiwa njiwa huyo na marehemu mama yake. Nimemwapia nitamtunza. Jirani yetu Shuaibu kasema nikihamishie juu ya bomba la chuma, kama vyake, maana ukuta wa mawe unapandika. Nani apande? Wivu!

Alhamisi, 10 Oktoba

Kifaranga kimoja hakipo. Hapana damu, hapana unyoya. Safiyya kaniuliza nimekipeleka wapi. Mimi! Paka wa Shuaibu huyo. Nimeupunguza mlango wa kisanduku kwa ubao, njiwa apite kwa kujibana. Chini nimemwaga jivu, tuone nyayo.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nyayo hakuna. Mstari mmoja tu jivuni, umepindapinda kama wa kamba iliyoburutwa. Basi si paka. Ni mwizi mwenye kamba! Baada ya sala nimemkabili Shuaibu mbele za watu, nikamtaka aonyeshe kamba yake. Wamecheka, hata imamu.

"Mchu huyu, mtu gani!" kasema Shuaibu. "Ni nyoka, Mzamil. Huwatazama njiwa wakienda na kurudi, akafuata harufu. Akishaonja, hurudi palepale."

Nyoka gani anayekumbuka njia kuliko mimi? Sielewi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Ukelele! Safiyya katia mkono kisandukuni kukagua kifaranga, kagusa kitu baridi. Nyoka! Kifaranga kimo, ila tumboni mwake. Aliingia mwembamba, akashiba, na mlango wangu ukamzuia kutoka. Shuaibu kaja na fimbo, kabandua ubao, kamtoa. Mama njiwa yu mzima, alhamdulillahi, lakini kahamia kwa Shuaibu, juu ya bomba.

Safiyya kakipakata kisanduku kitupu, machozi yanamtiririka. Kasema njiwa wa mama yake akae hukohuko. Nilitaka kumliwaza. Nikamwambia angalau hakuwa paka. Haikusaidia.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimewaza tangu alfajiri. Nyoka aliingia, akashindwa kutoka. Kumbe nilichounda ni mtego! Kisiwani kwetu, Chovae nzima, hakuna kama huo! Nimeshapigilia visanduku vingine vinne, ukuta uleule. Kimebaki chambo tu. Nakwenda kumwomba Shuaibu vifaranga vinane.